Binti wa Siaya na magugu yasiyosikia dawa huko Australia

Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wanaosoma mjini Sydney huitumia likizo ya kiangazi, inayoanza Desemba hadi mwishoni mwa Februari, kuosha vyombo mikahawani, kusafisha maofisi usiku au kuwahudumia wazee. Wachache hubahatika kupata mafunzo kwa vitendo yanayohusiana na masomo yao. Mmoja wao ni binti wa miaka 22 kutoka Kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, ambaye alikwenda kutafuta dawa ya gugu linalomtesa mama yake, na akawakuta wenye dawa wenyewe wanalia.

Binti huyu anasomea sayansi ya kilimo. Ameomba jina lake lisitajwe, kwa kuwa mkataba wake haumruhusu kuzungumza na vyombo vya habari bila idhini ya wakubwa zake, na kwa sababu hiyo hiyo hatutakitaja kituo alichofanyia kazi. Inatosha kusema kwamba kiko kaskazini magharibi mwa jimbo la New South Wales, safari ya treni ya karibu kutwa nzima kutoka Sydney, ng'ambo ya milima, kwenye tambarare za udongo mweusi ambao ukinyeshewa hunata miguuni na ukikauka hupasuka nyufa. Mtu aliyepita Ahero wakati wa kiangazi anaujua udongo wa namna hiyo.

Huko ndiko ngano inakolimwa. Shamba la familia moja linaweza kuwa na maelfu ya hekta, na wanaolilima ni baba, mtoto wake na labda kibarua mmoja, pamoja na matrekta yenye bei ya nyumba. Mama wa binti huyu analima ekari moja na nusu kwa jembe la mkono. Hata hivyo, mama na wakulima hao wana adui wa aina moja.

Mwanagenzi kwa kweli hufanya nini?

Wasomaji wanaofikiria kuomba nafasi kama hii wasidhani kwamba mtu huvaa koti jeupe na kuchungulia kwenye hadubini kuanzia asubuhi hadi jioni. Kazi huanza saa kumi na mbili alfajiri ili sehemu ngumu iishe kabla ya jua kupanda, maana mwezi wa Januari joto katika tambarare zile huweza kupita nyuzi 40. Mwanagenzi hupewa kofia pana, buti, chupa kubwa ya maji, na fremu ya chuma ya mraba. Hutembea shambani kwa mistari iliyopangwa, huweka fremu chini, hupiga magoti na kuhesabu kila gugu lililomo ndani yake, aina kwa aina. Huandika, husimama, hupiga hatua kadhaa na kuiweka fremu tena. Binti wa Siaya anasema siku ya tatu alianza kuota magugu usingizini.

Magugu mengine hukatwa, hutiwa kwenye mifuko ya karatasi, hukaushwa kwenye tanuri na kupimwa uzito. Vyungu huoshwa kwa mamia. Mbegu hupukuchuliwa kwa mkono, hupepetwa na kutiwa kwenye bahasha zenye namba. Anakiri kuwa kwenye kupepeta hakuna aliyemshinda, na wenzake wa Kiaustralia, waliozoea kuona mashine ikifanya kazi hiyo, walisimama kumtazama akirusha ungo.

Kwa nini wahesabu magugu wakati wa kiangazi, ilhali ngano hupandwa wakati wa baridi na huvunwa kati ya Oktoba na Desemba? Swali hilo aliliuliza siku ya kwanza. Jibu ni maji. Katika eneo hilo mvua nyingi hunyesha kiangazi, na wakulima hupumzisha shamba ili udongo uyahifadhi maji hayo kwa ajili ya ngano ya msimu unaofuata. Kila gugu lililo hai mwezi wa Januari linakunywa maji ambayo ngano ingeyahitaji mwezi wa Agosti. Kwa hiyo shamba linalopumzika hupigwa dawa mara kwa mara, na dawa inayotumika zaidi ni glaifosati, ileile inayouzwa katika maduka ya pembejeo ya Kisumu na Mwanza.

Trei ya kijani

Kazi yake ya pili ilikuwa ndani ya kibanda cha kioo. Mbegu za nyasi moja iitwayo kisayansi Echinochloa colona zilikusanywa kutoka mashamba kadhaa na kuoteshwa kwenye trei. Wakulima wa mpunga wa Ahero na Mwea wanaifahamu vizuri nyasi hii, kwani ikiwa changa hufanana na mpunga hata mpaliaji mzoefu hudanganyika. Miche ilipofikia kimo kinachotakiwa, kila trei ilipigwa dawa kwa kipimo tofauti: nusu ya kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha dawa, kiasi kamili, mara mbili yake, na kuendelea. Nyingine haikupigwa kabisa, iwe ya kulinganishia. Baada ya wiki tatu huhesabiwa miche iliyo hai.

Trei nyingi zilikuwa na majani makavu ya rangi ya nyasi za paa. Trei moja iliyopewa kipimo mara mbili ilikuwa ya kijani.

Binti alitetemeka. Alikuwa ndiye aliyechanganya dawa, na jambo la kwanza lililomjia akilini ni kwamba amekosea hesabu, ameweka maji badala ya dawa, ameharibu kazi ya watu na hataitwa tena. Anasema alikaa na siri hiyo tangu asubuhi hadi saa za chakula cha mchana kabla hajapata ujasiri wa kumweleza msimamizi wake. Mama yule hakugomba. Alimwambia arudie jaribio zima kuanzia mbegu, na safari hii mtu mwingine achanganye dawa.

Wiki zikapita. Trei ya shamba lile ikawa ya kijani tena.

Msimamizi hakushangaa. Nyasi hiyo ilithibitishwa kuwa sugu kwa glaifosati kaskazini mwa New South Wales tangu mwaka 2007, na Australia ina historia ndefu zaidi ya hapo. Nyasi nyingine iitwayo raigrasi, ambayo wafugaji waliipanda wenyewe kwa miaka mingi kama malisho ya kondoo, iligeuka kuwa gugu pale mashamba ya kondoo yalipogeuzwa kuwa ya ngano. Wakulima wakaipiga dawa. Mwaka 1982 huko Australia Kusini ikaripotiwa raigrasi isiyokufa kwa dawa mojawapo iliyotegemewa wakati huo. Wakabadili dawa, nayo ikabadilika. Mwaka 1996, raigrasi ya Australia ikawa gugu la kwanza duniani kuripotiwa kuwa sugu kwa glaifosati, dawa ambayo wengi waliamini hakuna mmea ungeweza kuizoea.

Tuseme wazi jambo ambalo mara nyingi huelezwa vibaya: dawa haifundishi gugu kuwa sugu. Katika mamilioni ya mimea, huenda mmoja au miwili imezaliwa na tofauti ndogo inayoiwezesha kuishi. Dawa huua mingine yote, na hiyo miwili hubaki na shamba zima peke yao. Huzaa, na watoto hurithi. Mkulima akirudi mwaka wa pili na chupa ileile, anawafagilia njia.

Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulikadiria kwamba magugu huwagharimu wakulima wa nafaka wa Australia dola za nchi hiyo bilioni 3.3 kila mwaka, zikihesabiwa gharama za kuyadhibiti na mavuno yanayopotea. Hiyo ni nchi yenye ndege za kunyunyiza dawa, wataalamu katika kila wilaya na benki zinazokopesha.

Swali la mama

Sasa turudi Siaya. Gugu linalomtesa mama linaitwa kayongo kwa Kijaluo, na ndugu zetu wa Tanzania hulijua kwa jina la kiduha. Lina maua mazuri ya zambarau, na asiyelijua anaweza kuyachuma ayapambie nyumba. Lakini chini ya ardhi mizizi yake hujichomeka kwenye mizizi ya mahindi au mtama na kunyonya maji na chakula. Mahindi hudumaa, huwa ya manjano kama yamekosa mvua, na mara nyingi hayazai kitu. Mmea mmoja wa kayongo hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi la ugoro, na mbegu hizo huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri harufu ya mzizi wa hindi.

Mama amekuwa akimwuliza binti yake swali moja tangu alipopanda ndege: huko kwa wazungu wanatumia dawa gani? Kwake yeye, mtoto aliyepelekwa mbali hivyo kusomea kilimo hana budi kurudi na chupa.

Na dawa kweli imewahi kuletwa. Mwaka 2005 nchini Kenya yalizinduliwa mahindi yaliyopewa jina la Ua Kayongo. Ni mahindi yaliyozalishwa kwa njia ya kawaida ili yaweze kustahimili dawa ya magugu iitwayo imazapiri, na mbegu zake hupakwa dawa hiyo kabla ya kuuzwa. Mbegu ikiota, dawa huizunguka mizizi, na kayongo inayojaribu kujichomeka hufa. Kiasi kinachotumika ni kidogo mno ukilinganisha na kupulizia shamba zima. Ni werevu wa hali ya juu, na wapo wakulima walioona mavuno yao yakirudi.

Lakini binti alipokuwa akijaza jedwali la dawa na makundi yake kule kituoni, alikuta imazapiri imeandikwa katika kundi ambalo raigrasi ya Australia imelishinda zamani. Si raigrasi peke yake. Hakuna kundi la dawa za magugu duniani lililozalisha aina nyingi zaidi za magugu sugu kuliko hilo. Akaanza kupiga hesabu ya mbegu za kayongo zilizomo katika ekari moja na nusu, akakumbuka ile miwili kati ya mamilioni, akafunga daftari. Anasema usiku ule hakumpigia mama simu.

Kinu cha Darkan na kikapu cha mama

Wakulima wa Australia waliposhindwa kwa chupa, walirudi kwenye mbegu. Huko Darkan, Australia Magharibi, mkulima aitwaye Ray Harrington alijiuliza kwa nini mashine ya kuvunia inakusanya mbegu za magugu pamoja na ngano, kisha inazitema nyuma pamoja na makapi na kuzitawanya shamba zima, kana kwamba mkulima anayapanda magugu yake mwenyewe. Akabuni kinu cha kuyasaga makapi hayo papo hapo wakati wa kuvuna. Baada ya miaka ya majaribio na watafiti, kinu hicho kilianza kuuzwa mwaka 2012, na leo vipo vya aina kadhaa, vingine vikiwa ndani ya mashine yenyewe ya kuvunia. Wasio na uwezo wa kukinunua huyalaza makapi kwenye mstari mwembamba na kuyachoma, au huyakokota kwenye toroli kubwa nyuma ya mashine.

Binti aliyaona hayo akacheka, kwa sababu bibi yake hung'oa kayongo kabla haijatoa maua, huitia kikapuni na kwenda kuichoma pembeni mwa boma. Wazo ni lilelile: usiiache mbegu irudi ardhini. Tofauti ni kwamba kayongo, tofauti na raigrasi, hufanya madhara yake kabla hata haijachomoza juu. Ukiiona umechelewa kwa msimu huo, na unapoing'oa unayaokoa mahindi ya miaka ijayo, si ya mwaka huu. Kumweleza hivyo mtu mwenye njaa ya mwaka huu si rahisi, na hapo ndipo ushauri mwingi wa wataalamu hugonga mwamba.

Kuna jambo jingine alilolisikia huko ambalo lilimchoma. Mwaka 2013 kiduha chenye maua mekundu, ndugu wa kayongo, kiligunduliwa karibu na Mackay katika jimbo la Queensland, nchi ya miwa. Serikali na wenye viwanda walichukua hatua haraka. Mashamba yaliyoathirika yaliwekewa masharti, udongo na mashine havikuruhusiwa kutoka ovyo, na mpango wa miaka mingi ukawekwa wa kukitokomeza. Hiyo ilikuwa kwa mashamba machache tu ya kona moja ya nchi. Magharibi mwa Kenya na kandokando ya Ziwa Victoria watu wameishi na gugu hilo vizazi na vizazi, na wengi hawajawahi kumwona afisa wa ugani akikanyaga shamba lao. Mwandishi wa makala hii haoni sababu ya kuwalaumu Waaustralia kwa kulinda miwa yao.

Viatu vya Njoro

Siku moja wanagenzi walipelekwa Cobbitty, nje kidogo ya Sydney upande wa kusini magharibi, ambako Chuo Kikuu cha Sydney kina taasisi ya kuzalisha mbegu za mazao. Hapa habari ni kutu ya ngano, ugonjwa wa ukungu unaofanya shina lionekane kama chuma kilicholowa. Chuo hicho kilianza kuchunguza aina za kutu mwaka 1921, chini ya Walter Waterhouse, na kazi hiyo imeendelea hadi leo.

Jina alilolikuta huko lilimrudisha nyumbani: Ug99. Herufi mbili za mwanzo ni za Uganda, ambako kutu hiyo ilionekana mwaka 1998, na namba ni ya mwaka 1999 ilipotambuliwa rasmi. Ilizivunja kinga ambazo wazalishaji wa mbegu walizitegemea kwa miongo, ikaenea Kenya na Ethiopia, ikavuka bahari hadi Yemen mwaka 2006 na kufika Iran mwaka 2007. Norman Borlaug, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1970 kwa kazi yake ya ngano, alitumia miaka yake ya mwisho kupiga mbiu juu yake hadi alipofariki mwaka 2009. Tangu 2005, ngano kutoka nchi nyingi, Australia ikiwemo, imekuwa ikipandwa Njoro nchini Kenya ili ionekane kama itahimili. Kwa hiyo mkate wa Sydney una deni kwa shamba la Njoro, ingawa mlaji hajui.

Getini Cobbitty na hata kituoni kwao, viatu ni jambo kubwa. Hupigwa brashi, huloweshwa dawa, na anayetoka shamba la ng'ambo hutakiwa kusema. Binti alidhani ni ushamba wa Wazungu hadi alipoelezwa kwamba kutu ya mistari ya njano iliingia Australia mwaka 1979, na inaaminika ililetwa kutoka Ulaya kwenye nguo za msafiri. Suruali tu!

Malipo, kwa wanaotaka kujua

Wanafunzi wa kigeni nchini Australia huruhusiwa kufanya kazi saa 48 kwa kila wiki mbili wakati wa masomo, sheria iliyoanza kutumika Julai 2023, lakini wakati wa likizo rasmi kikomo hicho huondolewa. Ndiyo maana kiangazi ni msimu wa kuchuma. Binti anakiri kuwa alichopata kituoni ni kidogo kuliko ambacho angepata mkahawani akifanya zamu za Jumamosi na Jumapili, na kwamba pesa za karo ya mdogo wake zilichelewa kwa sababu ya uamuzi huo. Nyumbani walimwelewa nusu. Maombi ya nafasi za aina hii, katika vyuo na katika shirika la utafiti la serikali, CSIRO, hufunguliwa miezi mingi kabla ya Desemba, na wengi wetu huzisikia zikiwa zimeshafungwa.

Kivuko cha Luanda K'Otieno

Dawa hakuipata, lakini alipata kitu kingine, tena katika maktaba ya Sydney. Akitafuta maandishi kuhusu kayongo, alikutana na kazi ya taasisi ya icipe, iliyofanywa na Zeyaur Khan na wenzake kwa kushirikiana na watafiti wa Rothamsted wa Uingereza tangu miaka ya 1990. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa mmea wa jamii ya kunde uitwao desmodiamu. Mizizi yake hutoa kemikali zinazozidanganya mbegu za kayongo kuota, kisha zikakosa mzizi wa kunyonya, zikafa. Pembezoni mwa shamba huzungushiwa nyasi za nepia zinazowavuta nondo wa mabua watoke kwenye mahindi. Ng'ombe hula desmodiamu na nepia, na udongo hupata rutuba.

Kazi hiyo imefanyika Mbita. Binti alipoliona jina hilo alisimama, akatoka nje ya maktaba. Mbita iko ng'ambo ya ghuba tu kutoka kwao. Ukipanda kivuko cha Luanda K'Otieno, unafika Mbita kwa takriban saa moja. Yeye alipita Nairobi, akavuka Bahari ya Hindi, akahesabu magugu ya watu miezi miwili, ndipo akasikia habari za jirani.

Alimpigia mama simu saa tatu usiku kwa saa za Sydney, ambayo kule Siaya ni saa saba mchana, mama akiwa ametoka shambani. Alimweleza yote: trei ya kijani, kinu cha kusaga makapi, desmodiamu. Akamwomba amtume binamu yake avuke akaulize mbegu. Mama alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza, kati ya mistari ya mahindi mimi hupanda maharagwe. Huo mmea wako ukikaa hapo, maharagwe nitayapanda wapi?

Binti hakuwa na jibu. Muhula unaanza wiki ya mwisho ya Februari, na swali hilo ameliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, likiwa na jina la mama chini yake. Amekwisha kumwandikia msimamizi wake barua pepe kuuliza kama kiangazi kijacho nafasi itakuwepo, na wakati huo huo amemwandikia mtu mwingine huko Mbita.